Mbachao na Msala: Tafakari juu ya Toleo Jipya la Kompaila

Katika msimbo chanzo wa lugha ya OCaml, yaani yale maandishi ambayo wataalamu huyasoma na kuyahariri kabla hayajageuzwa kuwa amri za mashine, mna folda ndogo iitwayo boot, na ndani ya folda hiyo limo faili lisilofanana na majirani zake. Majirani wengi ni maandishi yanayosomeka. Lenyewe ni kompaila iliyokwisha kukamilika, isiyosomeka kwa macho ya mtu, iliyowekwa pale ikingoja kazi. Kompaila ni programu inayopokea maandishi ya mwandishi wa programu, ikayakagua kama yana mantiki, kisha ikayafasiri kuwa amri ambazo kompyuta inaweza kuzitekeleza. Na kwa kuwa kompaila ya OCaml imeandikwa kwa OCaml yenyewe, haiwezi kupatikana bila kuwapo nyingine iliyoitangulia. Faili lile la boot ndilo mtangulizi huyo. Kompaila inapojengwa, ile ya zamani huamshwa na kupewa maandishi ya mpya ili iyafasiri. Na mabadiliko yanapogusa misingi yake, ile mpya nayo hupewa maandishi yale yale ijijenge yenyewe, na mazao ya hatua mbili zinazofuatana hulinganishwa, hadi ifike mahali ambapo mzazi na mtoto hawatofautiani. Hapo ndipo kazi huhesabiwa kuwa imetimia. Ufundi wa kompyuta husifiwa kwa upya wake, nao hapa huuthibitisha upya huo kwa kufanana, wala haukubali kukiita kipya kitu ambacho hakikupitia mikononi mwa cha kale.

Nasaba ya lugha hii ni ndefu. Mizizi yake imo Edinburgh, Uskoti, ambako katika miaka ya 1970 Robin Milner na wenzake waliunda lugha ya ML ili iwe chombo cha kuongozea mfumo wa kuthibitisha hoja za kimantiki. Ikavuka bahari hadi Ufaransa, ambako INRIA, taasisi ya taifa ya utafiti wa sayansi ya kompyuta, ilitoa Caml mwaka 1987. Xavier Leroy na Damien Doligez wakaijenga upya mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la Caml Light, nyepesi kiasi cha kuenea katika kompyuta ndogo za wakati ule. Mwaka 1996 ikaongezewa uwezo na kuitwa Objective Caml, na tangu 2011 inaitwa OCaml. Nasaba huleta heshima, lakini huleta pia wasiwasi. Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa mfumo wa Unix, alipochapisha mwaka 1984 hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Turing, alionyesha kwamba kompaila inaweza kutiwa hila isiyoonekana popote katika maandishi yake, kwa sababu hila hiyo huishi ndani ya kompaila ya zamani na kujirithisha kwa mpya kila inapoijenga. Mtoto wa nyoka ni nyoka, hata maandishi yake ya kuzaliwa yakisema ni njiwa. Ndiyo kusema kwamba anayepakua toleo jipya la lugha yoyote na kulitia katika kompyuta yake huwa hakubali kazi ya waandishi wa toleo hilo peke yake. Huwa anakubali pia kazi ya kila aliyetangulia, hadi kwa mtu wa mwanzo ambaye huenda jina lake halimo katika orodha yoyote.

OCaml huhesabiwa miongoni mwa lugha za kifanksheni, na sifa hiyo inahitaji kuelezwa, kwa maana ndiyo ufunguo wa mambo yanayofuata. Fanksheni, kwa maana ya hisabati, ni kanuni inayopokea kitu na kutoa kitu: ukiipa kile kile, itatoa kile kile, leo na kesho. Alonzo Church alitoa hoja katika miaka ya 1930 kwamba ukokotoaji wote unaweza kuelezwa kwa fanksheni peke yake, na lugha za ukoo huu zimejengwa juu ya imani hiyo. Kwazo, programu ni mlolongo wa thamani zinazozaa thamani nyingine, na desturi yake ni kwamba thamani ikishaundwa haibadilishwi. Mwenye orodha ya majina kumi akitaka kutia la kumi na moja mbele yake, hafuti wala haharibu ile ya kumi. Huunda orodha mpya ambayo kichwa chake ni jina jipya na mkia wake ni ile ile orodha ya kale, isiyonakiliwa wala kuguswa. Aliyekuwa ameishika ile ya kwanza bado anayo kama alivyoiacha, na aliyeshika ya pili anatumia sehemu kubwa ya ya kwanza bila kuidhuru. OCaml inaruhusu pia vitu vinavyobadilika pale inapofaa, lakini mazoea ya waandishi wake, na uzuri wanaoutafuta, umo katika namna hii ya kusonga mbele bila kuvunja nyuma. Mabadiliko, katika fikra hii, ni kuongeza. Kilichokuwapo hakiondolewi, hupata jirani.

Tabia hiyo ya data ndani ya programu huonekana pia katika tabia ya matoleo ya lugha yenyewe, na hapo ndipo tafakari hii inapotia nanga. Tarehe 16 Desemba 2022 lilitolewa toleo la OCaml 5.0, lililobadilisha kiini cha lugha kuliko jingine lolote kwa muda wa miaka mingi. Lakini miezi kadhaa kabla yake, Machi mwaka ule ule, lilikuwa limetolewa toleo la 4.14, na waliotangaza jipya walisema wazi kwamba lina hali ya majaribio zaidi kuliko kawaida na kwamba la zamani litaendelea kutunzwa kwa ajili ya wasiotaka kuhama upesi. Maneno hayo yalitimizwa: 4.14 liliendelea kupokea marekebisho hata baada ya ndugu yake mdogo kuanza kutembea. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwa kawaida methali hii hutumiwa kumkanya mwenye tamaa ya vipya. Watengenezaji wa kompaila waliielewa kwa namna nyingine: walileta msala, wakautandika, wala hawakumwambia yeyote aukunje mkeka wake mkuukuu. Kanyo la methali huwaangukia wanaopokea. Hapa waliolibeba ni wanaotoa.

Sababu ya mabadiliko yenyewe ilikuwa ya siku nyingi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, watengenezaji wa prosesa walishindwa kuendelea kuongeza kasi ya kiini kimoja cha ukokotoaji kama walivyozoea, wakageukia kuweka viini vingi katika kipande kimoja, ili kazi igawanywe na kufanywa kwa wakati mmoja. OCaml ya zamani haikuweza kunufaika na wingi huo kikamilifu: programu ingeweza kuwa na nyuzi kadhaa za utendaji, lakini palikuwa na kufuli moja kuu lililoruhusu uzi mmoja tu kutekeleza msimbo wa OCaml kwa wakati wowote, na nyingine zikangoja zamu. Kufuli hilo halikuwekwa kwa uvivu. Lilimlinda mkusanya taka, yaani ile sehemu ya lugha inayozunguka katika kumbukumbu ya kompyuta, ikitambua data isiyohitajika tena na kurudisha nafasi yake ili itumike upya. Na mkusanya taka huyo aliundwa kwa dhana kwamba wakati anapofagia hakuna mwingine anayehamisha vitu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwa miongo kadhaa usalama wa chombo hiki ulipatikana kwa kuwa na nahodha mmoja. Kuliondoa kufuli kulimaanisha kumwandika upya mfagizi mzima, na kufanya hivyo katika lugha ambayo tayari ilikuwa imebeba programu nyingi za watu kulikuwa sawa na kubadilisha msingi wa nyumba huku wenyeji wamelala ndani yake. Kazi hiyo, iliyoshikwa kwa miaka mingi na kundi la Chuo Kikuu cha Cambridge na washirika wao, akina Stephen Dolan, KC Sivaramakrishnan na Anil Madhavapeddy wakiwa mbele, iliingizwa katika msimbo mkuu Januari 2022.

Katika kazi hiyo palitokea njia panda inayostahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa inaonyesha ni nani hasa aliyekuwa akifikiriwa. Kwa data changa, ile iliyoumbwa karibuni na ambayo sehemu yake kubwa hufa mapema, watafiti walijenga namna mbili za kufagia. Ya kwanza iliviacha viini vyote viendelee na kazi, kila kimoja kikisafisha eneo lake bila kuvingoja vingine. Ya pili ilivitaka vyote visimame pamoja kwa muda mfupi sana, visafishe kwa ushirikiano, kisha viendelee. Ukisikiliza maelezo tu, ya kwanza inavutia zaidi, kwa kuwa hakuna anayemsubiri mwenzake. Lakini ilidai gharama: programu nyingi za OCaml hushirikiana na maandishi ya lugha ya C, na mengi ya maandishi hayo yangelazimika kuandikwa upya ili yafuate masharti mapya ya kufikia kumbukumbu. Ya pili haikudai hivyo, na vipimo vikaonyesha kwamba haikuwa nyuma kwa utendaji. Wakaichagua ya pili. Vilevile waliweka sharti kwamba programu ya zamani, isiyojua lolote kuhusu viini vingi, isilipishwe ucheleweshaji mkubwa kwa ajili ya manufaa ya wengine. Uamuzi wa namna hii hufanywa kwa niaba ya watu wasiokuwapo mezani: mtu aliyeandika maktaba yake ya msimbo miaka kumi na mitano iliyopita na kuhamia kazi nyingine, mwanafunzi aliyeiokota na kuijengea tasnifu yake, kampuni ndogo inayoitegemea bila kujua jina la aliyeiandika. Ahadi ni deni, na deni la lugha ni zito kwa sababu wanaodai hawajulikani na hati ya deni haikuandikwa popote isipokuwa katika programu zao zilizokuwa zikifanya kazi jana.

Hata hivyo uhuru mpya haukosi hatari yake, na ukweli huo haukufichwa. Nyuzi mbili zikigusa kitu kimoja kinachobadilika bila kupatana nani atangulie, matokeo huweza kuwa ya kushangaza. Vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Katika lugha nyingine mgongano wa aina hiyo huhesabiwa kuwa umevunja mkataba wote, na tangu hapo programu huweza kufanya lolote, hata katika sehemu zisizohusika. Waundaji wa OCaml 5 walitafuta kanuni ya upole zaidi, waliyoieleza katika makala ya mwaka 2018: mgongano ukitokea mahali fulani, madhara yake yasivuke mipaka ya mahali hapo, wala yasienee bila kikomo katika wakati, nyuma wala mbele, na ulinzi wa aina, ule mfumo unaozuia namba kuchukuliwa kama maneno au orodha kuchukuliwa kama fanksheni, usivunjike hata mgongano ukiwapo. Anayesoma kanuni hii kwa jicho la kifalsafa huona ndani yake hekima inayopita mambo ya mashine. Hakuna jamii iliyowahi kuzuia kila kosa, na sheria inayotangaza kwamba kosa moja hufuta haki zote za mkosaji huwa imekiri udhaifu wake. Ustaarabu hupimwa kwa uwezo wa kuliwekea kosa ukuta, liwe na mahali pake na muda wake, ili jirani asiyehusika aendelee kuishi.

Palikuwa pia na walioachwa nyuma, na haki yao ni kutajwa. Toleo la 5.0 liliweza kuzalisha msimbo halisi wa mashine kwa prosesa za jamii mbili tu, zile za x86 za biti 64 na zile za ARM za biti 64. Kompyuta za jamii nyingine zilibaki na baitikodi, yaani amri za kati zinazotekelezwa polepole zaidi na programu inayozisoma moja baada ya nyingine. Baadhi ya zana zilizozoeleka, kama ile ya kubana kumbukumbu ili kuondoa mianya, hazikuwamo. Kisha ikaanza safari ya kuwarudia walioachwa: toleo la 5.1 la mwaka 2023 likazirudisha prosesa za RISC-V na zile za kompyuta kubwa za IBM za aina ya s390x, toleo la 5.2 la mwaka 2024 likazirudisha za POWER pamoja na kubana kumbukumbu, na toleo la 5.3 la mwanzoni mwa 2025 likaurudisha uwezo wa kutumia zana za Microsoft katika Windows. Mtu mwenye haraka angeweza kuuliza kwa nini toleo la kwanza halikungoja hadi wote wawe tayari. Lakini msafara unaongoja kila mmoja afunge mzigo wake hauondoki kamwe, na unaoondoka bila nia ya kurudi haukuwa msafara tangu mwanzo. Kilichowatofautisha walioachwa kwa muda na waliotupwa ni matoleo yaliyofuata. Hadhi ya 5.0 haikuweza kuamuliwa siku lilipotoka, ikabidi iamuliwe na miaka iliyokuja baadaye.

Yapo pia mambo yaliyoondolewa moja kwa moja, na namna ya kuyaondoa ina adabu yake. Moduli, yaani fungu la msimbo lenye jina lake, iliyoitwa Pervasives, iliyokuwa mlango wa kila programu kwa muda mrefu, ilipewa mrithi aitwaye Stdlib. Toleo la 4.08 la mwaka 2019 likaanza kumwonya kila aliyetaja jina la zamani, huku likimkubalia programu yake. Na jina hilo likafutwa katika 5.0, zaidi ya miaka mitatu baadaye. Maneno ya maandishi, yaliyoweza zamani kubadilishwa herufi kwa herufi, yalianza kutenganishwa na aina ya data inayobadilika mwaka 2014, mtengano huo ukawa kanuni ya kawaida mwaka 2017, na njia ya kurudi nyuma ikafungwa 2022. Kawia ufike, husema wahenga, na hapa kukawia kuna sura ya taarifa inayotolewa mapema, inayorudiwa kila kompaila inapoendeshwa, na inayomwachia mtu muda wa kurekebisha mambo yake bila aibu. Onyo la kompaila ni tamko dogo, mistari miwili au mitatu katika kioo cha kompyuta, lakini ndani yake mna heshima ambayo mamlaka nyingi kubwa hazina: linamjulisha mhusika kabla ya tukio, linamwonyesha mstari unaohusika, na linamtajia cha kufanya badala yake.

Kabla ya toleo kutangazwa, hupita katika daraja za alfa, beta na toleo la mwisho la majaribio, ambapo watumiaji huombwa walitumie na kuripoti hitilafu, na maktaba nyingi za jumuiya hujengwa upya kwa kompaila hiyo ili ijulikane zipi zimevunjika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Jina la alfa ndiyo kamba yenyewe, linalomjulisha kila mtu kwamba huyu bado hajazoea mji. Mabadiliko yote huandikwa katika faili liitwalo Changes, kila moja kwa namba yake, likifuatwa na jina la aliyeliandika na majina ya waliolikagua. Desturi ya kuwataja wakaguzi ni ndogo kwa sura na kubwa kwa maana. Katika kazi nyingi za wanadamu, jina linalobaki ni la aliyeongeza; aliyesoma kwa makini, akauliza swali lililozuia ajali, husahaulika kwa sababu ajali haikutokea. Faili lile linakataa usahaulifu huo. Linasema kwamba upya uliokuja ulipita katika macho ya watu waliokuwa na uwezo wa kusema hapana.

Huenda ndiyo maana lugha hii imeaminiwa katika kazi ambazo kosa lake halisameheki kirahisi. Astrée, programu inayochunguza programu nyingine ili kuthibitisha kwamba hazitaanguka katika aina fulani za makosa, imeandikwa kwa OCaml na imetumiwa kuchunguza programu za kuongozea ndege za Airbus. Mfumo wa kuthibitisha hoja za hisabati uliojulikana kwa miaka mingi kama Coq, na sasa Rocq, umeandikwa kwa OCaml. Kompaila ya kwanza ya lugha ya Rust, kabla Rust haijaweza kujijenga yenyewe, iliandikwa kwa OCaml. Wenye kazi hizo hawakuwa wote na haja ya viini vingi siku 5.0 lilipotoka, na wengine hawakuliomba kamwe. Sifa za toleo huimbwa na waliolingojea, nao ni mashahidi wa upande mmoja, kwa kuwa wamepata walichokitaka. Shahidi mwenye uzito zaidi ni yule ambaye programu yake haikuwa na kasoro, aliyekuwa ametulia juu ya mbachao wake, na aliyekuta asubuhi moja kwamba ulimwengu chini yake umepewa namba mpya. Swali lake ni moja tu: katika hesabu iliyofanywa kabla ya siku hiyo, je, alihesabiwa? Lugha inayoweza kumjibu kwa uaminifu, ama kwa kuihifadhi programu yake kama ilivyo, ama kwa kumwonya miaka kabla ya kuondoa alichokitegemea, ama kwa kumwachia toleo la zamani alitumie huku akijiandaa, imestahili kuliita toleo lake jipya. Isiyoweza kumjibu imebadilika tu, na mabadiliko ya namna hiyo hayahitaji ufundi.